Kijitabu cha upinde wa Kihadzabe: sura ya kwanza imekamilika

Sura ya upinde imekamilika, ya mishale iko nusu. Kijitabu ni cha vijana wa Kihadzabe, jamii ya wawindaji wa kaskazini mwa Tanzania, wa Bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi, hasa wanaokaa bweni katika umri ambao baba zao walikuwa porini na kisu mkononi.

Vipimo tumevibadilisha vyote. Rasimu ya kwanza ilikuwa na sentimita, na porini hakuna anayechonga kwa rula. Sasa upinde wa mtoto unapimwa kwa mwili wake: urefu toka unyayo hadi kifuani, unene wa kidole gumba katikati.

Mti ni mkole ulionyooka, usio na fundo. Bandua ganda, chonga polepole kuelekea ncha. Kila baada ya kukwangua kidogo, weka goti katikati, vuta ncha zote mbili, utazame. Upande mmoja ukipinda zaidi, kwangua ule mgumu. Wengi huharibu hapa: wanaendelea kukwangua palipokwisha kulainika, na siku ya kuvuta unavunjika pale pale. Kausha kivulini, jua kali hupasua ncha.

Upote, yaani kamba ya upinde, ni wa kano za mnyama, zilizokaushwa, zikachanwa nyuzi, zikalainishwa na kusokotwa. Huzungushwa kwenye ncha ya upinde, hakuna kukata pengo. Kano hunywa maji na kulegea, hivyo upote ukilowa usivute, subiri ukauke.

Kwenye mishale tumefika manyoya. Yawe ya bawa la upande mmoja, yote ya kulia au yote ya kushoto. Ukichanganya, mshale unayumba. Chembe, yaani ncha ya chuma ya mshale, hutengenezwa kwa msumari unaogongwa juu ya jiwe bila moto. Sumu hatuiandiki, kwa makusudi: hiyo inafundishwa ana kwa ana, na mtu mzima.

Kilichochelewesha kazi ni tahajia. Kihadza, lugha ya Wahadzabe, kina vidoko (sauti za kualika ulimi) vya aina tatu, nasi tunaviandika c, q na x. Waliojifunzia kuandika kwa Kiswahili huweka k kila mahali, na jina la mti linapotea sauti yake. Sasa Kihadza kinatangulia, Kiswahili kinafuata chini.

Sura ya nyayo za wanyama itaanza mvua zikipungua, ardhi ikiwa bado na unyevu wa kushika ukwato. Kila unyayo utachorwa mara mbili: asubuhi kingo zikiwa kali, na jioni zikishaanza kumomonyoka.