Nilivyoshona tufe la kitambaa lenye harufu ya karafuu

Marehemu mama yangu, aliyelelewa Tanga kabla ya kuolewa huku Tabora, alikuwa na desturi ya kuvaa kikuba kila Ijumaa: majani ya mrehani na maua ya asumini aliyoyafunga kwa uzi na kuyabana kifuani kwa pini. Baada ya kifo chake harufu ile niliikosa mno, na kwa kuwa asumini niliyoipanda uani haikustahimili kiangazi cha huku, nikaanza kutafuta namna ya kuweka harufu nzuri nyumbani kwa muda mrefu kuliko siku moja. Ndipo nilipolifahamu pambo liitwalo pomanda. Jina lake limetokana na maneno ya Kifaransa pomme d'ambre, yaani tunda la ambari, ambari ile ile inayojulikana na watu wa Pwani, kitu cha kunukia kitokacho kwa nyangumi. Ulaya ya Zama za Kati watu walivaa shingoni au kiunoni tufe la madini lenye matundu, likiwa na manukato ndani, wakiamini kwamba litawakinga na tauni. Baadaye wengine wakawa wanachomeka karafuu kwenye chungwa zima. Mimi nililitaka la kitambaa, la kutundika juu ya mlango wa sebule.

Tufe la kwanza nililijaza pamba niliyoinyunyizia mafuta ya manukato. Siku ya nne kitenge kilikuwa na doa la njano upande wa chini, na baada ya wiki mbili harufu ilikuwa imekwisha, wala hapakuwa na njia ya kuirudisha bila kufumua mshono. La pili nililitia maganda ya machungwa niliyoyaanika siku moja tu, na kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Januari, katikati ya masika yetu, yakaota ukungu humo ndani. Nililipeleka kwa shangazi, nikamwamkia, nikamwonyesha. Aliligeuzageuza mkononi, kisha akasema, “Mwanangu, mama yako hakushonea kikuba ndani ya nguo. Alikibana kwa nje ili kesho akitoe, aweke kingine.” Maneno hayo ndiyo yaliyonifungua macho: tufe ni la kudumu, bali harufu ni ya kubadilishwa, kwa hiyo viwili hivyo havipaswi kushonwa pamoja.

Nilingoja hadi Julai, hewa ilipokuwa kavu. Maganda ya machungwa niliyakata vipande vyembamba, nikayaanika kwenye ungo siku tano, nikiyaingiza ndani kila jioni, hadi yakawa yanavunjika kwa mlio badala ya kupinda. Karafuu nilizichagua sokoni moja moja, maana mara nyingi huchanganywa na makonyo, ambayo ni vijiti vilivyobeba maua na harufu yake ni hafifu. Karafuu nzuri ina kichwa chake, na ukiikandamiza kwa ukucha hutoa mafuta. Ile iliyochakaa hubaki kavu kama kijiti cha ufagio. Kitenge nilikipata kwa fundi cherehani, katika mabaki ya gauni la mtu, na cha kujazia nikatoa sufi kwenye mto wa zamani, kwa sababu sufi haifyonzi unyevu upesi kama pamba.

Tufe nililolikusudia lilikuwa la upana wa sentimita 8, hivyo mzingo wake ni kama sentimita 25. Kila kipande kati ya vipande sita kilitakiwa kuwa na urefu wa nusu ya mzingo, sentimita 12.5, na upana wa sentimita 4.2 katikati, kikichongoka pande zote mbili mfano wa pande la chungwa, kisha niliongeza milimita 6 kila ukingo kwa ajili ya mshono. Nilichora kwanza kwenye karatasi ngumu. Vipande nilivipiga bandi, halafu nikavishona kwa mkono kwa mishono midogo ya kurudi nyuma, na uzi niliupitisha kwenye nta ya nyuki, ambayo huku kwetu haiadimiki kutokana na mizinga ya Sikonge na Urambo. Uzi uliopakwa nta haujisokoti, na fundo lake halifumuki.

Kilichonisumbua zaidi ni pale ncha sita zinapokutana. Ukishona hadi mwisho, kitambaa hurundikana na kufanya kinundu kigumu. Nilifumua mara mbili, kisha nikaamua kila mshono uishie milimita 6 kabla ya ncha, nikapitisha uzi mmoja kuzizunguka ncha zote, nikauvuta taratibu mpaka tundu likafumba, na juu yake nikashonea kifungo kilichovikwa kitenge. Ukingo wa ndani niliutia vikato vidogo kwa mkasi ili tufe lisikunjamane baada ya kupinduliwa.

Mshono wa sita niliuacha wazi sentimita 4 katikati, nikaupinda, nikauwekea kitanzi na kifungo kidogo. Hapo ndipo unapoingia mfuko wa melimeli wenye upana wa sentimita 4 na urefu wa 7, uliojazwa kijiko kikubwa cha karafuu, kipande cha mdalasini nilichokivunja kwa mchi, kijiko cha chai cha maganda makavu, na nusu kijiko cha ubani uliotwangwa. Ubani niliuongeza kwa makusudi, kwa kuwa utomvu wake huachia harufu polepole. Sufi huzunguka mfuko pande zote, hivyo mafuta ya karafuu hayagusi kitenge.

Harufu ilipopungua, mwishoni mwa Septemba, niliutoa mfuko, nikaufikicha kati ya viganja, na sebule ikanukia tena. Mwezi wa Novemba, mvua zilipoanza, niliweka mfuko mpya, na ule wa zamani nikautia katika sanduku la kanga za mama. Sasa nakata vipande vya tufe la shangazi. Amechagua kitambaa chekundu, na ameomba iliki badala ya mdalasini.