Nimetwaa Ng'ombe wa Nani?

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii moyo wangu umelemewa. Kanisa letu linajengwa, mabati hayajatosha, na kwenye kamati imependekezwa tumwalike mheshimiwa mmoja awe mgeni wa heshima siku ya harambee. Wanaotetea wana nia njema: mvua yaja, na watoto wa shule ya Jumapili wananyeshewa. Usiku nikafungua 1 Samweli 12.

Mzee Samweli, kichwa mvi tupu, anasimama mbele ya Israeli yote na kujitoa akaguliwe. "Nimetwaa ng'ombe wa nani? Au nimetwaa punda wa nani?" Anawataka wamtaje waliyemwona akimpa rushwa ya kumpofusha macho. Hakuna aliyemtaja. Wanawe, lakini, walikuwa wamepokea rushwa na kupotosha hukumu (8:3). Hilo nalo lanitia hofu, sisi wazazi.

Katika kipimo cha 2024 cha Transparency International, shirika la kimataifa linalopinga ufisadi, kinachokusanya maoni ya wataalamu na wafanyabiashara kuhusu ufisadi katika sekta ya umma, Kenya ilipata alama 32 kati ya 100, ambapo 100 ni safi kabisa. Tunaisoma kana kwamba ni alama ya serikali peke yake. Je, bahasha zinazoletwa madhabahuni zinatoka wapi?

Novemba 2024 Rais Ruto alitoa shilingi 600,000 kwa kwaya na watoto wa parokia ya Soweto, Nairobi, na milioni 2 za nyumba ya padri. Siku ya pili Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zirudishwe. Hakusema zimeibwa, alisema kanisa lisitumiwe kisiasa. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, ingawa mimi si Mkatoliki.

Ndugu zangu, niwaambie kwa upendo: fundi akileta mifuko ya simiti tunaihesabu mmoja mmoja na kuiandika daftarini. Mheshimiwa akileta bahasha tunapiga vigelegele, tunampa kipaza sauti, na maswali yanaishia hapo. Baadaye zahanati ikikosa dawa, nani kati yetu atathubutu kumuuliza? Midomo yetu imeshafungwa! Wazee wa kanisa, wachungaji, msikubali. Isaya 33:15 yamsifu mtu akung'utaye mikono yake asipokee rushwa. Tukiweza kuezeka nusu mwaka huu, tuezeke nusu, kwa mia mia za kina mama wa sokoni.

Naombeni mniombee. Jumanne nitasimama kwenye kamati kuyasema haya, na baadhi ya watakaonisikiliza ni watu walionilea katika imani.