Chambo kilichojiwasha chenyewe, na nilivyokituliza

Chambo changu, yaani protini niliyokuwa nikiitafutia washirika, kilikuwa kinajiwasha chenyewe, na maabara nzima ilikuwa na ushauri mmoja: "Ongeza 3-AT (dawa ya kuzuia kimeng'enya), kitatulia." Hakikutulia.

Nilikuwa natafuta protini zinazoshikana na yangu kwa njia ya hamira, ile ya Stanley Fields na Ok-kyu Song ya mwaka 1989. Kipande cha Gal4 (protini ya hamira inayowasha jeni) kinachoshika DNA unakiunga kwenye chambo, kipande kinachoamsha jeni unakiunga kwenye windo, yaani protini inayodhaniwa kushikana nacho. Wawili wakikutana, jeni ya HIS3 inawaka na hamira inakua pasipo kupewa histidini, asidi amino inayoihitaji ili iishi. Chambo changu hakikumngoja mtu. Kikiwa peke yake kilijaza sahani koloni nono, za kupendeza, zisizo na maana yoyote.

3-AT hukizuia kimeng'enya cha HIS3, hivyo hamira inayokitengeneza kidogo hufa njaa. Milimola 5: hazikujali. 20: zikanywea kidogo. 60: kimya! Watu wakashangilia. Nikachungulia sahani ya jozi inayojulikana kushikana, nayo imekufa. Tulikuwa tumefyeka shamba lote, magugu na mahindi.

Nikaachana na dawa nikasoma mfuatano wa asidi amino. Mkiani palikuwa na msururu wa aspartati na glutamati, na sehemu zenye asidi nyingi namna hiyo mara nyingi huamsha jeni zenyewe. Nikaukata mkia. Nikaambiwa nimeiharibu protini. Haya, kwa milimola 5 tu za 3-AT, zilizotosha kuzima uvujaji mdogo wa HIS3, chambo kikiwa peke yake hakikuota kitu. (Hakikisha kwa kingamwili kwamba chambo bado kinatengenezwa. Sahani tupu huja pia pale ambapo chambo hakipo kabisa.)

Mawindo yakaja machache, nikayapima kwenye seli za binadamu nikitumia protini nzima na mkia wake, kwa kuvuta na kingamwili, yaani kuikamata protini na kuona kinachokuja nayo. Mshauri mwingine: osha kwa chumvi ya milimola 500. Mshirika akaenda na maji. Nikarudi 150 na kutia kimeng'enya cha kukatakata DNA, maana protini mbili zilizokalia DNA moja huonekana zimeshikana kumbe hazijuani. Mshirika akabaki.

Ila mnyororo mzito wa kingamwili, kipande chake kikubwa, hutokea kwenye picha karibu na kilodaltoni 50, na mshirika wangu ana 52, hivyo huweza kufichwa nao. Vuta kwa kingamwili ya sungura, tazama kwa ya panya, ili ile ya kuvutia isionekane.