Daftari, kopo la mzee na muhali wa Ngamiani

Biashara ya viungo niliianza bila mtaji wa maana. Mkulima mmoja wa Amani, kule milimani Muheza, alinipa mali kauli: karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga, nikauze Tanga mjini, nimrudishie chake kwanza ndipo nichukue changu. Watu hudhani kikwazo cha mwanzo ni pesa. Kwangu mie kilikuwa muhali, ile haya ya kumkatalia mtu wako. Mtaani kwetu Ngamiani, hapo Tanga mjini, tunajuana, mteja ni shangazi, jirani, au mtu mliyesoma naye madrasa, na kila mmoja ana sababu ya kupewa leo alipe kesho.

Kwa hiyo masharti niliyaweka kabla sijauza hata fungu moja. Pesa ya mzee wa Amani inaingia kwenye kopo lake jioni ileile, na kopo hilo haliguswi hata kama nyumbani hakuna unga. Inayobaki naigawa: ya kuongezea mzigo na ya kula. Nilijilipa posho ya siku kama mtu aliyeajiriwa, ikiisha, imeisha. Wifi yangu alinicheka, "Yaani unajinyima pesa yako mwenyewe?" Nikamjibu, "Wifi, hiyo si yangu, ya biashara."

Mkopo sikuufuta kabisa, maana mjini kwetu haiwezekani. Kila mtu ana ukurasa wake, na deni la zamani lisipolipwa, jipya haliandikwi. Akija shangazi, "Mwanangu, n'andikie kidogo, Ijumaa nina wageni," namgeuzia daftari asome mwenyewe. Mara nyingi hucheka, akafungua pindo la kanga akatoa alichonacho. Waliosusa wapo. Sijawalilia, kwa kuwa hao ndio waliokuwa na ukurasa mrefu.

Mali bila daftari huisha bila habari, tumelisikia tangu utotoni. Nisilolitarajia ni kwamba daftari hilohilo lingenipunguzia kodi. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo, mauzo ya mwaka yasiyozidi shilingi 4,000,000 hayakutozwa kodi ya mapato. Kutoka hapo hadi 7,000,000, asiye na kumbukumbu alilipa 100,000, mwenye kumbukumbu akalipa asilimia 3 ya kilichozidi 4,000,000. Chukua wawili waliouza 5,000,000: mmoja anatoa 100,000, mwenzake 30,000. Viwango hubadilika bungeni, kwa hiyo pita TRA, mamlaka ya mapato, uulize vya mwaka wako. Ila sijaona kalamu ya shilingi mia chache inayolipa namna hiyo.

Kwenye mali yenyewe nilikuwa mkali zaidi. Pilipili manga huchanganywa na mbegu za papai, na zikishakauka jicho la haraka halizitambui. Namwaga kiganja kimoja kwenye bakuli la maji mteja akiangalia: nzima zinazama, pepe na mbegu za papai zinaelea. Karafuu naibonyeza kwa ukucha aone mafuta. Hilo limenipa wateja kuliko kushusha bei. Wapishi wa pilau za harusi, ambao ndio wanunuzi wa kweli (wa fungu la mia tano wanachangamsha meza tu), siku hizi hawaniulizi jirani anauzaje. Mizani yangu ina muhuri wa Wakala wa Vipimo. Wapo wanaopimia kikombe. Kikombe kina hila zake, siingii huko.

Mzee alipoona kopo lake halichelewi, akaanza kunipigia simu kabla ya madalali mzigo unapotoka. Sasa nanunua kwa pesa mkononi, na bei ya pesa mkononi iko chini ya mali kauli, kwa hiyo faida niliipata kwenye kununua kabla ya kuuza.

Mwezi wa Shaabani nafunga hesabu, kabla Ramadhani haijaingia na viungo kuanza kugombewa. Nathamini mzigo uliopo kwa bei ya siku hiyo, naongeza pesa taslimu na madeni ninayotegemea kulipwa, natoa ninayodaiwa. Ikifika kiwango, asilimia 2.5 inatoka zaka. Orodha ya wa kupewa anaishika mama, na hapo mie sina kauli.