Kila Mtu na Kilo Zake

Minada ya korosho imepamba moto, na chuoni nako majaribio yameanza. Mimi niko katikati ya vyote viwili. Asubuhi darasani, mchana kazi ya kikundi isiyoisha, usiku chumbani na laptopu, natengeneza apu ya wakulima wa korosho, hadi macho yaanze kuuma au umeme ukatike, chochote kitakachotangulia. Kuna siku chakula changu cha maana ni ming'oko ya kuchemsha ninayonunua nikitoka kipindi cha mwisho, natembea huku namenya, chumvi na pilipili kwenye kipande cha gazeti. Bibi yangu alinisimulia habari za ming'oko tangu nikiwa mdogo: mizizi ya porini, haipandwi na mtu, watu huifuata kichakani na kuichimba. Yeye mwenyewe hakuwahi kuionja. Alisimuliwa na mama yake. Mimi ndiye wa kwanza kwetu, kwa miaka mingi sana, kuitia mdomoni.

Kwa makaratasi mimi ni mgeni hapa Mtwara. Pasipoti yangu ni ya Kenya, kibali changu cha ukaazi ni cha daraja C, kile tunachopewa wanafunzi, na mama mwenye nyumba ninakopanga, hapa Chuno, akinitambulisha kwa mtu husema, "Huyu ndiye Mkenya wangu." Jirani akishasikia jina langu la ukoo hucheka. "Mkenya gani huyu? Si wa hapa hapa?"

Nyumbani ni Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, na sisi ni Wamakonde, kabila lile lile la huku Mtwara. Wazee wetu walitoka Msumbiji, wengi wao miaka ya 1930, wakaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Wakazaa, wakazeeka, wakazikwa huko, na serikali ikaendelea kuwahesabu kama wapita njia. Bila kitambulisho hufungui akaunti ya benki, husajili laini ya simu kwa jina lako, huajiriwi kihalali. Mwaka 2016, mwezi wa Oktoba, watu wetu waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais. Baada ya hapo ndipo Wamakonde wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya na vitambulisho vikaanza kutolewa. Nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka bibi alivyokipokea chake: alikifunga kwenye pindo la leso, akalifunga fundo mara mbili, na kwa muda mrefu hakukubali kukiweka kabatini. Kila nikijaza fomu yenye sehemu ya namba ya kitambulisho, namkumbuka.

Nayaeleza haya kwa sababu watu huniuliza, mwanafunzi wa uhasibu ana shida gani na apu ya wakulima wa korosho, tena apu asiyoiuza. Jibu langu refu ndilo hilo la pindo la leso. Jibu fupi linaanzia Tandahimba, wilaya ya humu humu mkoani Mtwara.

Msimu uliopita rafiki yangu wa darasani alinichukua kwao likizo fupi. Baba yake tulimkuta uani anaanika korosho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ndiyo wewe wa Kwale? Basi ni mtoto wa ng'ambo ya Ruvuma wewe. Karibu nyumbani."

Jioni baada ya kula alitoka ndani na mfuko wa nailoni, akaumwaga mkekani. Zilikuwa stakabadhi za chama, za misimu kadhaa zimechanganyika. Nyingine wino umefifia hadi inabidi uinamishe karatasi kwenye mwanga wa taa, moja imeliwa na mchwa kwenye kona, na kona hiyo ndiyo iliyokuwa na idadi ya kilo. Alitaka mwanawe amjumlishie msimu ule amepeleka kilo ngapi jumla na alipwe kiasi gani. Tulikaa watatu juu ya zile karatasi mpaka usiku.

Kwa wasioishi kusini, mambo huenda hivi. Tangu msimu wa 2007/08 korosho za Mtwara zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, zinapimwa, anapewa stakabadhi. Hakuna fedha siku hiyo. Mzigo unakwenda ghala kuu, unapangiwa mnada, wanunuzi wanatoa bei, wakulima wanakubali au wanakataa, na bei ikikubalika malipo yanaingia benki baada ya makato. Kati ya siku ya mizani na siku ya fedha kuna kungoja, na kungoja ndiko kunakolisha kangomba, yule anayekuja na fedha taslimu na kipimo chake mwenyewe, ananunua kwa bei ya chini kwa sababu mtoto wa mkulima anadaiwa ada leo. Mfumo ninaukubali, ukiwauliza wazee bei za kuuziana kwa kisado hakuna anayezitamani. Lakini wakati wote wa kungoja, kitu pekee alicho nacho mkulima mkononi ni kile kikaratasi.

Apu yangu inafanya jambo dogo. Siku ya mizani unaandika tarehe, kilo, daraja la kwanza au la pili, unapiga picha stakabadhi wino ukiwa mbichi. Siku ya mnada unaandika bei iliyokubaliwa na makato yaliyotangazwa, inakuonyesha utarajie kiasi gani. Fedha zikiingia, unalinganisha. Basi. Bei sijazi mimi. Inatofautiana kati ya chama kikuu cha ushirika na chama kikuu kingine, mnada na mnada, na nisingependa mtu yeyote abishane chamani kwa kutegemea namba niliyoiweka mimi nikiwa Chuno.

Inafanya kazi bila intaneti, kila kitu kinakaa ndani ya simu. Uamuzi huo ulinigharimu usiku nyingi, lakini anayejua bando linavyohesabiwa vijijini hatahitaji maelezo. Uamuzi mwingine niliousimamia kwa dhati ni wa hesabu zenyewe. Kompyuta ikipewa namba zenye desimali huzihifadhi kwa makadirio; mwambie ajumlishe 0.1 na 0.2 kwa njia ya kawaida, utapata 0.30000000000000004. Kwenye mchezo wa simu haina neno. Kwenye jasho la mtu la mwaka mzima, aliyepalilia, akapulizia salfa tangu mikorosho inatoa maua, akaokota moja moja, sikubali. Kwa hiyo uzito wote nauhifadhi kwa gramu, namba nzima, na kilo unaziona tu kwenye kioo. Profesa wangu wa uhasibu hajui kuwa somo lake la kwanza, kwamba hesabu lazima ifungike hadi senti ya mwisho, ndilo lililoandika sehemu hiyo ya programu.

Sasa niko kwenye hatua ya wajaribu. Google wana sharti kwa akaunti za watu binafsi zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023: kabla apu haijaruhusiwa kuwekwa wazi Play Store, lazima watu wasiopungua 12 waijaribu kwa siku 14 mfululizo. Zamani walitaka watu 20. Kwa mwanafunzi wa Nairobi mwenye marafiki wenye simu janja hilo ni jambo la mchana mmoja. Mimi wajaribu wangu wako Tandahimba, na mjaribu anaingia kwa barua pepe. Simu nyingi zilifunguliwa akaunti na fundi siku ziliponunuliwa dukani. Mwenye simu hajui kama ana barua pepe, sembuse neno la siri. Tulikaa kwenye baraza ya duka la jirani yao, simu baada ya simu, mmoja akisoma herufi kwa sauti, mwingine akiandika nyuma ya daftari la shule la mwanawe. Ilikuwa kazi ya taratibu na sikuichoka hata kidogo. Mzee mmoja ana kitochi tu, akaja na mjukuu wake mwenye simu, akataka ahakikishe kwamba jina litakaloandikwa ni lake yeye na wala si la mjukuu.

Pale pale ndipo mama yake rafiki yangu aliponipa kazi ya wiki hii. Alikuwa ameitazama apu kwa makini kwenye simu ya mumewe, akaingiza mizani miwili, akasoma jumla. Kisha akanigeuzia kioo.

"Mwanangu, hii imejumlisha yangu na ya baba yenu."

"Ndiyo mama, ni za nyumba hii."

"Mimi nina mikorosho yangu. Ile ya kule bondeni niliachiwa na mama. Stakabadhi inatoka kwa jina langu, na fedha inaingia benki kwangu. Humu mimi niko wapi?"

Mumewe aliitikia kwa kichwa. Kwa Wamakonde, upande wa mama una uzito wake tangu zamani, na mikorosho aliyoachiwa mwanamke hujulikana ni ya nani hata kama simu nyumbani ni moja.

Tangu nirudi mjini nimekuwa nikilipanga upya jedwali lote la kumbukumbu. Simu moja sasa itabeba wenye korosho wengi, kila mmoja kwa jina lake na namba yake ya siri, na jumla ya mmoja haitaonekana kwa mwingine mpaka mwenyewe afungue. Nimeongeza pia nakala inayohifadhiwa kwenye memori kadi ya kuchomoa, imefungwa kwa namba ile ile, ili simu ikianguka kisimani msimu usiondoke nayo. Ugumu uko kwa wale walioanza kujaribu tayari: kilo walizokwisha kuandika lazima zigawanywe kwa wenyewe, na mgawanyo huo hautafanywa na programu. Itawauliza, mzani kwa mzani, huu ni wa nani?

Nimempigia bibi kumweleza. Hakuuliza hata swali moja kuhusu simu. Aliuliza yule mama wa Tandahimba ana mikorosho mingapi, na kama ming'oko ya huko kweli ni mitamu.

Jaribio la uhasibu wa gharama ni Alhamisi. Ijumaa alfajiri napanda gari la Tandahimba, kwa sababu chama chao kinapima tena Jumamosi, na mama ameshasema mizani hiyo anataka aiandike mwenyewe.