Neno "nice" lilianza kama tusi

Kila siku nalisikia neno la Kiingereza "nice" likitumiwa kusifu chakula, nguo, hali ya hewa na hata tabia za watu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba maana hiyo ya uzuri ilikuwa nalo tangu mwanzo. Sivyo hata kidogo. Chimbuko lake ni neno la Kilatini nescius, yaani asiyejua, lililoundwa kwa kiambishi cha kukanusha na kitenzi scire, kujua. Na kitenzi hicho hicho ndicho chanzo cha neno ambalo sisi tumelipokea kwa umbo la sayansi, jambo lililonifurahisha mno nilipoligundua.

Kutoka Kilatini neno hilo lilipitia Kifaransa cha kale, ambako lilimtaja mtu mjinga, likaingia katika Kiingereza karibu na mwaka 1300 likiwa bado na maana hiyo ya upumbavu. Baadaye likamhusu mtu mwenye haya au anayechagua mno, kisha, katika karne ya 16, jambo lililopimwa kwa uangalifu mkubwa. Ndiyo sababu hadi leo Mwingereza msomi anaweza kulitumia kuelezea tofauti ndogo sana kati ya hoja mbili, bila kumaanisha kwamba tofauti hiyo inapendeza. Maana ya kupendeza ilienea katika karne ya 18. Katika Kihispania, hata hivyo, necio, ndugu wa damu wa neno hili, angali ni mpumbavu.