Ndago haiogopi haro

Mtu akitaka kukuuzia shamba huku Muheza, chimba kidogo uangalie kama lina ndago, lile gugu sugu, ndipo muanze kuzungumza bei. Majani yake si kitu. Shida iko chini: vinundu vyeusi vilivyoungana kama tasbihi, vingi vikiwa katika sentimita 15 za juu. Kinundu kilichochipua huwazuia wenzake wasiamke. Uzi ukikatika, kila kimoja kinaota kivyake.

Na mkataji mkubwa wa huo uzi ni trekta. Mvua za mwanzo za masika zikishuka, kila mtu anamkimbilia dereva. Plau, kisha haro (zile sahani za chuma za kuvunja mabonge) mara mbili, shamba linapendeza. Baada ya siku chache ndago imeyatangulia mahindi, na imejitokeza hata pale ambapo mwaka jana haikuwepo, kwa sababu haro imeibeba kutoka kwa jirani. (Ukimwambia dereva akwangue udongo kwenye sahani kabla hajaingia kwako, ananuna. Anune tu.)

Mimi nalima Januari, kaskazi inapovuma na ardhi imekauka. Ndago inavumilia mengi, lakini vinundu vikitupwa juu vikapigwa na jua mfululizo, hukauka vikafa. Baadaye haro inarudi kupindua vilivyobaki chini. Ndiyo, udongo mkavu unakula dizeli, na mvua ya ghafla inaweza kukuharibia hesabu. Bado ni nafuu kuliko vibarua wa palizi ya tatu.

Dukani watakwambia piga dawa. Sawa, ila uliza dawa gani. Atrazini tuliyozoea kwenye mahindi haiisumbui ndago. Glaifosati inashuka mpaka kwenye kinundu, lakini ipigwe kabla ya kupanda, majani yakiwa mabichi na yanakua; kinundu kilicholala bila jani hakiipati. Tena usichote maji ya dimbwi. Tope huishika dawa ikakosa nguvu, halafu watu wanasema wameuziwa feki.

Mama mkwe wangu hajawahi kushika bomba la dawa. Yeye hupanda mahindi kwa mistari na kunde katikati, na palizi ya kwanza haisubiri, kwa kuwa ndago ikiachwa wiki chache tu inaanza kutengeneza vinundu vipya. Kunde zikishafunga ardhi, ndago inadhoofika. Haipendi kivuli hata kidogo. Nimemuiga, na mboga ya majani sinunui tena.

Iliyobaki ni kona ya bondeni, karibu na mfereji. Pale ardhi haikauki hata Januari, kwa hiyo kulima kiangazi hakusaidii kitu. Mahindi nimeyaondoa. Nimeweka migomba, chini yake viazi vitamu vitambae.